Baki ni Umri Wako

Kabla Wagdi hajaipa mashine yetu ulimi, ilikuwa ikianguka kimyakimya na hakuna aliyejua.

Ofisi yetu iko Abbasiya, Kairo, juu ya duka la magodoro, nasi tunatengeneza programu ya maduka ya dawa. Kila mmoja anapoingiza sehemu yake ya kazi, kuna kompyuta moja, hata sijui imewekwa nchi gani, inayoiunganisha na sehemu za wengine, ikaijaribu, kisha ikatoa jibu: imepita, au imeanguka. Jibu hilo lilikuwa likiandikwa kwenye ukurasa ambao hakuna aliyekuwa na hamu ya kuufungua. Basi wiki moja tukawa tunajenga juu ya kazi iliyokwisha kuanguka, mpaka toleo bovu likafika madukani, na vidonge vya shinikizo la damu vikaonekana vimekwisha muda kabla hata havijatengenezwa. Wafamasia walitupigia simu wakatutukana kwa adabu, na hakuna matusi yanayouma kama hayo.

Madamu Inas, meneja wetu, alitoka ofisini kwake na kiatu kimoja mguuni. Kingine kilikuwa kimebaki chini ya meza.

"Wagdi! Nataka ikianguka tujue. Sote. Papo hapo. Kwenye kundi."

"Kundi lipi, Madamu?"

"Hilo hilo mnalopigia soga kutwa. Picha za paka zinawafikia, na hili litawafikia."

Wagdi ni mtu wa mtaa wa Shubra, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kundi hutoa anwani ya siri, na chochote kinachotumwa kwenye anwani hiyo hutokea kundini kama ujumbe wa mtu. Unaipa mashine anwani, unaiambia iseme nini na iseme lini. Kwenye nini na lini ndipo watu wanapojikwaa.

Siku ya kwanza aliiachia iseme kila kitu. Nimeanza. Nimepakua. Najaribu. Nimemaliza kujaribu. Ilitusimulia kama mama mkwe aliyetoka hospitali. Kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa ameinyamazisha kwenye simu yake.

"Wagdi," nikamwambia, maana kazi yangu mimi ni kujaribu vitu vya wenzangu na kuvitilia shaka, "mpiga kelele hasikilizwi. Kama haijaanguka, na inyamaze."

"Na ikiinuka?"

"Ikiinuka baada ya kuanguka, iseme mara moja. Basi. Na iseme kazi ya nani imeiangusha, tusianze kutazamana."

"Dada Safinaz, wewe ungekuwa polisi."

"Ningekuwa polisi wewe ungekuwa ndani."

Akapunguza. Lakini bado hakuna aliyesoma. Ujumbe ulikuwa mkavu, umejaa namba ndefu, na jicho liliuruka kama linavyoruka masharti ya benki. Aliyeyabadilisha mambo ni Mhandisi Shukri, mkubwa wetu kiumri, ambaye hukaa kwao Tanta na kufanya kazi kutoka huko kwa sababu mama yake, Haja Ihsan, alikuwa hainuki kitandani na hakuwa na mwana mwingine. Alipiga simu, Wagdi akamweka kwenye kipaza sauti.

"Wewe bwana, hii arifa yako nikiisoma nadhani nadaiwa umeme. Ipe ulimi wa watu."

"Haki ya Mungu, mkuu?"

"Ipe. Kisha uone kama hawatasoma."

Nieleze hapa Shukri ni nani kwa Wagdi, maana bila hilo haya mengine ni soga za ofisini. Shukri ndiye aliyemkuta Wagdi kwenye kibanda cha kutengeneza simu, akamfundisha kazi hii tangu herufi ya kwanza, akamleta kwetu. Baba yake Wagdi alipofariki, Shukri alikuja kutoka Tanta, akashika jeneza, kisha usiku wa tanzia akasimama mstarini mlangoni pamoja na Wagdi, akipokea mikono ya watu kana kwamba marehemu ni ndugu yake wa tumbo moja. Wagdi hana kaka wala ami. Watu waliomwona peke yake na Shukri mstarini hawakuuliza zaidi. Tangu siku hiyo anamwita mkuu, na mtu mwingine hamwiti hivyo, hata Madamu Inas mwenyewe.

Basi mkuu amesema ipewe ulimi, ikapewa. Kesho yake wa kwanza kuangusha nilikuwa mimi. Simu zote chumbani zikalia pamoja, na kundini kukatokea:

*Baki ya umri iwe yako, Safinaz.*

Ni maneno tunayompa aliyefiwa tunapomshika mkono: zile siku ambazo marehemu hakuziishi, zihesabiwe kwako. Naye aliyefiwa hurudisha: Baki ni umri wako. Chumba kizima kiliangua kicheko. Amira wa dirishani alicheka mpaka akamwaga chai. Na mimi, nifanyeje, nikarudisha kama nilivyolelewa: *Baki ni umri wako.* Nilipomaliza kurekebisha, mashine ikapiga vigelegele kundini.

Hiyo ikawa sheria bila mtu kuitunga. Ukipewa mkono wa pole, unajibu, na jibu lako maana yake nimeona, niko kwenye kazi, niacheni. Ukishajibu hakuna anayekusumbua. Mashine tukaiita Hanuti, kama tunavyowaita wale waosha maiti na wapanga mazishi. Wagdi, ili isituchoshe, akaiongezea na maneno mengine: *Mungu ndiye wa kubaki. Jikaze. Mungu akuze malipo yako.* Ilichagua moja kila inapoanguka. Na kwa kweli tulisoma. Tulikuwa tunarekebisha kabla chai haijapoa. Hakuna toleo bovu lililotoka tena.

Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Ustadh Fikri wa mahesabu. Yeye yumo kundini kwa sababu ya ruhusa na likizo zetu.

"Maneno hayo yana wenyewe," alisema siku moja akipita na mafaili kwapani.

"Wenyewe ni akina nani, Ustadh?" Wagdi akamuuliza.

"Utawajua."

"Umemsikia? Hata Hanuti hatishi hivyo!"

Tukacheka tena.

Alhamisi moja asubuhi kazi ya Shukri iliangusha. *Baki ya umri iwe yako, Shukri.* Ajabu ni kwamba hakujibu, na yeye ndiye alikuwa mwepesi wa kujibu kuliko sisi sote. Adhuhuri ujumbe ukaja tena, maneno yale yale: *Baki ya umri iwe yako, Shukri.* Kwenye simu yangu niliona mstari tu, nikapita. Madamu Inas, aliyekuwa Aleksandria kwa mteja, alitia kidole gumba. Amira alitia uso unaocheka. Na Wagdi akaandika: *Mkuu, leo umezika wangapi?*

Baada ya muda jibu la Shukri likaja: *Baki ni umri wako.*

Tukajua ameona na yuko kwenye kazi. Tukafunga kompyuta tukaenda zetu mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi.

Jumapili asubuhi ndio tumekaa, Ustadh Fikri akaingia chumbani kwetu na bilauri ya chai mkononi. Hakuwa na kawaida ya kuingia. Alisimama katikati akatutazama mmoja mmoja.

"Nyinyi mna mioyo ya nini?" akasema. "Ijumaa nimekaa kwenye ukumbi wa tanzia Tanta peke yangu. Watu wananiuliza, wenzake wa kazini wako wapi? Nasema wako njiani. Msomaji wa Kurani amesoma, kahawa imepita, wako njiani. Taa zinazimwa, bado mko njiani!"

"Tanzia ya nani?" Wagdi akauliza.

"Ya nani? Ya Haja Ihsan! Shukri aliniomba ruhusa ya msiba, si niliwaandikia Alhamisi? Si mlinichekea?"

Wagdi alichukua simu yake, akarudi nyuma kwenye kundi, akapandisha kwa kidole mpaka Alhamisi. Ujumbe wa asubuhi ulikuwa wa Hanuti. Wa adhuhuri, ukiutazama vizuri, ulikuwa na jina la Fikri juu yake. Na chini ya jina la Fikri, uso wa Amira unacheka, na swali lake yeye Wagdi: umezika wangapi.

Aliiweka simu mezani polepole, akainuka, akachukua koti. Nikachukua langu.

Kwenye treni ya Tanta alikaa dirishani mpaka tukapita mji wa Banha.

"Alisimama mstarini na mimi," akasema.

"Najua."

"Safinaz, yeye alisimama na nani?"

Nikamwambia afikirie atakachosema mlangoni, maana mlangoni hakuna kurudi nyuma.

"Nitasema nini? Baki ya umri?" Akacheka kicheko kibaya. "Hiyo nimempa Hanuti."

"Basi mwambie Mungu ndiye wa kubaki."

"Nimempa Hanuti."

"Mungu akuze—"

"Yote nimempa! Yote manne! Nilitafuta hata la tano nikakosa. Nimeyatumia kwa faili, kwa koma iliyosahaulika. Sasa nikimwambia lolote atasikia ile mashine."

Nilitaka kumwambia hapana, lakini mimi si mtu wa kusema nisichoamini.

Tanta tuliposhuka, kwa kuchanganyikiwa, alisimama kwenye duka la halua na kuanza kuagiza kashata za ufuta, kama mtu yeyote apitaye mji ule unaosifika kwa halua.

"Una wazimu?" nikamvuta mkono. "Peremende kwenye nyumba ya msiba? Ongeza basi na tarumbeta!"

Muuzaji alitusikia, akazirudisha kashata kwenye sinia bila kuudhika. "Mungu ndiye wa kubaki," akasema, na hata hamjui aliyekufa. Limemtoka kirahisi hivyo. Wagdi alimtazama kwa wivu.

Nyumba ya Shukri iko ghorofa ya pili. Tulibisha. Nyayo zilikuja polepole, mlango ukafunguka, na Shukri akasimama mbele yetu na kanzu ya nyumbani, ndevu za siku kadhaa zimemtoka nyeupe tupu. Sikujua kama ndevu zake ni nyeupe. Hakusema karibuni.

Wagdi akafungua mdomo. Alisimama hivyo, mkono ameunyoosha nusu, midomo inatafuta, na hakuna kilichotoka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiomba aseme chochote, hata jikaze, hata samahani. Jirani wa juu alishuka ngazi akatupita, akatutazama, akaenda zake.

Shukri alimwangalia kwa muda mrefu. Niliona kwenye uso wake kwamba angeweza kufunga mlango, na angekuwa na haki. Kisha akaushika ule mkono ulioning'inia, akaubana kwa mikono yake miwili.

"Baki ni umri wako, Wagdi," akasema.

Alijibu pole ambayo hakupewa. Mimi nilimwona Wagdi akiinama, paji la uso likagusa mkono wa Shukri, na mabega yakaanza kutikisika. Nami nililia, sioni haya kusema.

Ndani alitupa kahawa chungu ya msiba, tukainywa chungu. Kitanda cha Haja Ihsan kilikuwa bado sebuleni karibu na dirisha, kimetandikwa vizuri.

"Ulijua?" Wagdi akauliza alipoweza. "Ulijua kwamba hatukuelewa?"

"Nilipoona uso unacheka, nikajua."

"Kwa nini hukuandika, mkuu? Neno moja tu."

"Niandike nini?" Shukri akageukia dirisha. "Niliishika simu. Mama yumo ndani bado hajaoshwa. Niandike, *jamani, safari hii ni kweli*? Nilijaribu, Wagdi. Niliandika nikafuta. Mtu anaandikaje kwamba mama yake amekufa kweli? Nikajibu kama desturi inavyotaka, nikaacha."

"Umenikasirikia."

"Sana." Hakuipunguza. "Ijumaa nilikuwa natazama mlango wa ukumbi. Mkono napokea huku, macho yako mlangoni. Binamu yangu ananiambia, Shukri, unamngoja nani? Nasema simngoji mtu. Nilikungoja mpaka wanakunja mazulia."

Wagdi aliiacha kahawa.

"Nitamfuta," akasema. "Nikifika tu, namfuta Hanuti na kila kitu chake."

"Usifute." Shukri alikaa kwenye ukingo wa kile kitanda. Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo. "Nilikuwa nafanya kazi hapa, mama amelala pale. Simu ikilia mlio ule, ananiuliza, nani leo? Namwambia, leo ni Safinaz. Anacheka na meno yake hayapo! Siku moja akaniuliza, huyo marehemu wenu, hukaa amekufa muda gani? Nikamwambia, aa mama, kikishaliwa chakula cha mchana anainuka. Akaniambia: mwanangu, kinachoinuka baada ya chakula cha mchana hakijafa hicho, kimeugua. Mgonjwa huambiwa ugua pole. Waambie wenzako maneno yetu sisi wafu watuachie, tunakaribia kuyahitaji."

"Alisema lini?" nikauliza.

"Wiki ile iliyopita. Nilikuwa niwaambie Jumapili."

Jumapili yenyewe ndiyo hiyo tuliyokaa pale.

Tulirudi Kairo jioni ile. Madamu Inas na wengine walikwenda Tanta kesho yake, na Amira, kwa aibu, hakutaka hata kukaa mbele kwenye gari. Wagdi hakungoja amri ya mtu. Aliyatoa maneno yote manne mashineni, moja baada ya moja, na kila alipofuta moja alilitamka kwa sauti, polepole, kama mtu anayerudisha vyombo vya watu. Mahali pake akaandika mstari mmoja. Jina la Hanuti akaliondoa, hakuweka jingine.

Siku kadhaa mashine haikuwa na la kusema. Tulikuwa waangalifu kupita kiasi, kila mtu anakagua kazi yake mara mbili, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Shukri alirudi kazini, kutoka kule kule Tanta. Aliingiza sehemu zake, zikapita. Alikuwa anaandika machache na kujibu machache. Kati yake na Wagdi mambo yalikuwa ya heshima, na heshima ile ilikuwa inamuua Wagdi. Mkuu, nimemaliza. Ahsante, Wagdi. Mkuu, nitume? Tuma.

Kisha kazi ya Wagdi ikaangusha. Simu zikalia pamoja chumba kizima, nasi sote tukainamia skrini.

*Ugua pole, Wagdi.*

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya meza yake, nikamwona ameweka vidole kwenye vitufe ili ajibu, ila hatukuwa na jibu la desturi bado. Kabla hajaandika, ujumbe ukaingia kutoka Tanta.

*Panauma wapi?*

Swali la kawaida la mtu anayemtazama mgonjwa, na kwa kazi yetu ni swali la kawaida pia: sehemu gani imevunjika. Wagdi akaandika jina la faili. Nililiona kwenye skrini yake, jina refu lenye namba. Akalitazama. Akalifuta lote, herufi kwa herufi, kisha akaandika mbele ya kundi zima:

*Ijumaa, mkuu. Pale mlangoni.*

Ustadh Fikri, juu kwenye mahesabu, naye bila shaka alikuwa ameshika simu yake. Kutoka Tanta ikaonekana alama ya mtu anayeandika, ikapotea, ikarudi, ikapotea tena.

*Na mimi pale pale,* Shukri akaandika. Kisha, baada ya kitambo: *Sasa leta hilo faili, mwanangu, tulitazame pamoja.*